Kinyozi Aliyeacha Kuvunja Shingo

"Yaani nimeendesha lori tangu alfajiri, nimepita vinyozi njia nzima sijasimama hata kwa mmoja, halafu wewe unanipiga poda unaniambia tayari? Tayari nini? Na shingo yangu je?"

"Shingo yako nzima, kaka. Iko palepale ulipokuja nayo."

"Dokta, acha utani. Nivunje shingo niende zangu."

"Sivunji."

"Huvunji leo, au huvunji mimi?"

"Sivunji mtu yeyote. Nimeacha."

Dereva aligeuka mzima mzima kwenye kile kiti, na kiti kikalia. Ni mtu mkubwa huyo, akikaa unaona kiti kinaomba msaada. Kitambaa bado kilikuwa kimemzunguka mabega, sharubu zimechongwa vizuri, lakini uso umemvimba kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa pipi.

"Umeacha! Kwani ilikuwa sigara?"

Mimi nilikuwa kwenye benchi natia mafuta mashine ya pili ya kunyolea. Nikainamisha kichwa nisicheke. Shemeji yangu, kinyozi mwenyewe, hakucheka. Alimfungua dereva kitambaa, akakikung'uta, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nikukande mabega basi," akasema.

"Mabega hata mke wangu ananikanda! Hivi kuna mtu kakuloga mikono, au vipi?"

Hapo Shemeji akaacha kukunja. Akachukua ndoo akatoka mlango wa nyuma kwenda kuchota maji. Ndoo yenyewe ilikuwa imejaa.

Dereva akaiangalia njia ya maji yaliyomwagika sakafuni, halafu akaniangalia mimi.

"Kijana, shemeji yako ana nini?"

Nikamweleza. Lakini yeye alikuwa ananikatiza kila mahali, kwa hiyo wewe ngoja nikueleze vizuri zaidi.

Shemeji yangu nilimjua akiwa ananyoa kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga. Kiti chake kilikuwa cha jikoni, hakina mgongo, na kioo kilikuwa kimening'inizwa kwenye msumari. Mashine ikiwashwa unga unaruka, unamtua yeye na mteja wake. Watu walikuwa wanaingia vijana wanatoka na mvi. Alimpata dada yangu hapohapo, akija kusaga. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia kitu, basi akawa anamwambia, "Mlete mdogo wako nimnyoe, kichwa chake hakipendezi." Mimi ndiye huyo mdogo. Nilinyolewa mpaka nywele zikakata tamaa ya kuota. Dada akamwambia, "Sasa kaka, huyu mtoto amebaki ngozi. Kama una la kusema sema." Akasema. Ndiyo wakaoana.

Kuvunja shingo alifundishwa na kinyozi mmoja mzee, hana meno lakini ana vidole. Wewe kama hujawahi kufanyiwa, ni hivi. Ukishanyolewa, kinyozi anakukanda mabega na shingo mpaka ulegee. Anaweka kiganja kimoja kidevuni, kingine nyuma ya sikio. Anakupigisha stori. Wewe unajisahau, unaanza kujibu, na katikati ya neno anakugeuza ghafla, ka! Mifupa inalia. Halafu upande wa pili, ka! Ukisimama unajiona umepungua uzito. Vinyozi wengi wanafanya, ila Shemeji alikuwa na jina kwa hilo. Wakamwita Dokta Shingo, baadaye ikabaki Dokta. Alipopata chumba chake hiki chenye kiti cha kuzunguka na kioo kirefu, aliandika kwenye kioo cha mlango kwa rangi nyekundu: NYWELE, NDEVU, SHINGO.

Wakapata mtoto wa kiume. Wakampa jina la baba yake Shemeji, kwa hiyo nyumba nzima, mtaa mzima, tunamwita Babu. Na yeye akalichukulia jina kwa uzito. Ana miaka minne anakaa na mkono nyuma. Anakuja kazini kwa baba yake anaamkia wateja, "Hamjambo wanangu." Shemeji anaweka ubao juu ya mikono ya kiti, Babu anapanda, anafungwa kitambaa, ananyolewa kimya kabisa kama mtu mwenye shughuli nyingi. Akimaliza anasema neno moja tu:

"Na shingo."

Shemeji anamshika kidevu kwa vidole viwili, anamgeuza polepole kama anageuza yai, halafu anafanya ka! kwa mdomo wake. Babu anashuka ameridhika. Hivyo hivyo, miaka.

Sasa mtoto anakua. Siku moja, ana miaka saba, akabaki amekaa kwenye ubao.

"Baba, hiyo ni ya mdomo."

"Nani kasema?"

"Nimekuona kwenye kioo. Nataka ya kweli. Mimi si mtoto."

Wateja wakacheka. Shemeji naye akacheka, akamfanyia. Ndogo tu. Mimi nilikuwepo, niliisikia, ilikuwa kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti. Babu akashuka kifua mbele.

Wiki hiyohiyo Dada alitoa godoro nje kulianika, watoto wakaligeuza uwanja wa kupinduka. Babu akapinduka vibaya, akatua kwa shingo, akanyanyuka anacheka. Nalo nililiona. Sisemi hili ili kumtetea mtu, nasema kwa sababu yote mawili yalitokea.

Siku chache baadaye akaamka analalamika kichwa na shingo. Akatapika. Dada akadhani ni chakula. Akamkalisha mezani ampe chai, kikombe kiko mbele yake, upande wa kushoto kidogo. Babu akawa anakitafuta. Mkono unapapasa hewani, ukakigonga, chai ikamwagika. Akainua macho kumwangalia mama yake, akasema taratibu, kama anauliza jambo la kawaida:

"Mama, mbona umebaki nusu?"

Dada anasema baridi aliyoisikia pale hajawahi kuisikia tena. Alipomshika mkono wa kushoto ukawa mlegevu, umelala. Wakambeba mbio hospitalini.

Daktari wao ni mama mmoja mwembamba, anaongea polepole, na akiongea na wewe anavuta kiti anakaa. Baada ya vipimo aliwakalisha akawaambia mtoto amepata kiharusi.

"Kiharusi?" Dada akasema. "Dokta, huyu anaitwa Babu, lakini ni jina tu."

Daktari akamshika mkono. Akasema watu hudhani ni ugonjwa wa wazee peke yao, kumbe watoto nao hupata, ingawa ni mara chache. Akaeleza: ndani ya shingo kuna mishipa inayopeleka damu kichwani. Mmoja wa Babu umechanika kwa ndani, si wa kutoa damu nje, umechanika bitana kama koti. Damu ikaganda pale, donge likapanda juu likaenda kuziba sehemu ya nyuma ya ubongo.

"Na nyuma huko ndiko tunakoonea," akasema. "Macho yake ni mazima kabisa. Macho ni madirisha, yako wazi, mwanga unaingia. Chumba cha kupokelea picha ndicho kilichokosa damu. Nusu ya chumba."

"Kwa hiyo jicho la kushoto limekufa?" Dada akauliza.

"Hapana. Mfunike jicho lolote, haoni upande wa kushoto. Mfunike la pili, ni hivyohivyo. Ni upande uliopotea, si jicho."

Halafu akauliza: alianguka? Alipigwa? Kuna mtu alimzungusha shingo?

Dada akasema habari ya godoro. Shemeji alikuwa amesimama, mgongo ukutani. Akasema, "Mimi nilimvunja shingo." Daktari akashtuka kwa jinsi alivyolisema. Ikabidi amweleze kazi yake, akaonyesha kwa mikono hewani, hiki kiganja hapa, hiki hapa. Alipofika pa kugeuza, mikono ikagoma.

Daktari hakumgombeza. Alisema mgeuzo wa ghafla unaweza kuchana mshipa, na kuanguka vile kunaweza, na wakati mwingine unachanika bila sababu inayojulikana. "Sitaweza kukuambia ni kipi, baba. Ningekuwa najua ningekuambia. Ninachojua ni kwamba asigeuzwe tena na mtu."

Ingekuwa amemwambia ni wewe, labda Shemeji angelia akamaliza. Ingekuwa amemwambia si wewe, angelala. Alipewa kile cha katikati, akarudi nacho nyumbani.

Mkono wa Babu ulirudi wenyewe, polepole, mpaka akawa anafunga vifungo vya shati. Upande wa kushoto haukurudi. Shemeji naye alirudi kazini, akachukua wembe, akakwangua neno SHINGO kwenye kioo cha mlango. Mpaka leo ukisimama jua likipiga unaliona kivuli chake.

Na tangu siku hiyo hakumshika mteja kidevu. Kinyozi yeyote anakusukuma kichwa, inamisha, geuza, tazama huku. Yeye akawa anazungusha kiti. Mteja anakaa wima kama picha, na Shemeji anamzungusha taratibu kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Wazee wakaanza kulalamika kizunguzungu.

Kwa Babu alizidisha. Alichukua taulo la kazini, lile jeupe dogo, akalikunja akalizungushia shingoni mwa mtoto, akalifunga na pini. Babu akawa anashinda nalo, chakula nalo, shule nalo. Akigeuka tu kidogo, Shemeji hata kama yuko chumba kingine: "Babu! Usigeuze shingo!"

Mtoto akawa anatembea ananyoosha uso mbele kama askari wa gwaride, nusu ya dunia haipo. Anagonga fremu ya mlango, bega lilelile la kushoto, kila siku. Shuleni anaanza kuandika katikati ya ukurasa, kwa sababu kwake yeye ukurasa unaanzia hapo. Akisoma anakamata mkia wa neno. Wenzake wakagundua ukimjia kutoka kushoto hakuoni, ikawa mchezo, wanamtokea "Bu!" anaruka.

"Mjomba," aliniambia, "siku hizi watu wanatokea tu. Hawaji. Wanatokea, kama wametoka ukutani."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Ila wangebisha hodi."

Shemeji akawa anamsindikiza shule, anatembea kushoto kwake, karibu kabisa, begi la mtoto mgongoni kwake. Mtu mzima na begi lenye picha ya sungura. Akawa ndiye ukuta wake wa kushoto. Akifika kazini amechelewa, wateja wamejaa, hajali.

Jambo moja tu hakulifanya. Hakumnyoa. Hakukigusa kile kichwa. Babu akimwambia baba ninyoe, anajibu kesho. Nywele zikaota, zikajaa, zikafunika masikio. Mimi nilijitolea. Babu akaniangalia kwa huruma.

"Mjomba, wewe hunyoi, unafyeka. Atanyoa baba."

"Baba kasema kesho."

"Basi kesho."

Juzi walimrudisha kwa daktari. Nilikwenda nao, kwa sababu Dada alisema Shemeji akiingia mle ndani masikio yake yanafunga. Daktari kumwona Babu tu:

"Nani amemfunga taulo?"

Tukaangalia dari, sote watatu. Babu akasema, "Ni baridi," kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kujibu.

Daktari akacheka kidogo, akatufungulia picha kwenye kompyuta, akatuonyesha mshipa. Umepona. Dawa aendelee, kupinduka na mieleka bado, na asije mtu akamgeuza shingo, leo wala akiwa mzee kweli. Lakini yeye mwenyewe ageuke. Ageuke sana. "Huo upande wa kushoto upo palepale," akasema. "Hauji tena wenyewe, inabidi aufuate. Macho kwanza, halafu kichwa."

Akatandaza vifuniko vya kalamu mezani, vingi upande wa kushoto, akamwambia Babu avikusanye. Babu akaokota vya kulia, akasema tayari. "Fuata macho." Akasita, akamwangalia baba yake kuomba ruhusa. Shemeji alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kope. Babu akasogeza macho, halafu kichwa, taulo likamkaba, akasimama hapo.

Daktari akafungua pini yeye mwenyewe.

Babu akageuka. Akaviona. Alivifagia vyote kwa mkono kama mtu aliyekuta karanga zilizofichwa, akacheka.

"Baba," daktari akamwambia Shemeji, "ukimzuia asigeuke, gari likitoka kushoto hataliona. Na wewe hutatembea kushoto kwake mpaka aoe. Mwache ageuke."

Shemeji akasema ndiyo. Akasema ahsante. Taulo akalitia mfukoni. Tulipofika getini akalitoa, akamfunga tena.

"Ni baridi," akasema.

Jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanuka.

Hapo ndipo nilipofika na hadithi, na dereva alikuwa ameacha kunikatiza. Alikuwa amejishika shingo kwa mkono wake mwenyewe, anaikanda bila kujua.

"Na mimi nimemwambia kalogwa mikono," akasema. "Mdomo wangu huu jamani."

Shemeji akarudi na ndoo, akaiweka pale ilipokuwa. Dereva akataka kusema kitu, lakini sauti ya Dada ilitangulia kuingia.

"Kinyozi mzima! Kinyozi mwenye kioo na kiti cha kuzunguka! Mtoto wake anarudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele!" Akaingia anamvuta Babu kwa mkono. Babu na taulo lake, na kichwa kama kichaka. "Mwalimu ananiuliza, mama, baba yake anafanya kazi gani? Nimeona haya kusema. Nimesema anauza mkaa."

"Kesho nita..."

"Hakuna kesho! Hiyo kesho yako imeota nywele mpaka masikioni. Leo. Shikamoo shemeji," akamwambia dereva katikati ya hasira, "samahani, sikukuona."

"Marahaba. Hata sijakasirika," dereva akasema, akaondoka kwenye kiti upesi, akaenda kukaa kwenye kigoda pembeni ya mlango, upande wa kushoto, akajikunja awe mdogo. Hakufanikiwa.

Babu alikuwa ameshauweka ubao mwenyewe. Alipanda akakaa, mikono mapajani, akajitazama kwenye kioo. Shemeji akachukua mashine. Akaiangalia. Akanipa mimi.

"Mnyoe."

"Simtaki," Babu akasema. "Samahani Mjomba."

"Usijali," nikasema, na nikairudisha mashine mkononi mwa mwenyewe. Dada alikuwa amesimama katikati ya mlango amekunja mikono, hakuna pa kupita.

Shemeji akasimama nyuma ya kiti. Kwenye kioo nilimwona anavyomwangalia yule mtoto, anaangalia nywele, anaangalia taulo. Huwezi kumnyoa mtu na taulo limekunjwa shingoni. Hilo hata mimi ninayefyeka nalijua. Akafungua pini. Akalikunjua taulo, ile mikunjo imeshashika, halikubali kunyooka. Akamfunga kitambaa cha kunyolea, kwa mbali, ncha za vidole tu.

Akaanza upande wa kulia. Mashine ikalia, nywele zikaanguka kwa mafungu. Akafanya vizuri, mkono ulipogusa kichwa ukatulia, ni kama mguu unaoijua ngazi. Akamaliza kulia, akamaliza juu. Akakishika kiti akakizungusha.

"Baba."

Akasimamisha kiti. "Nimekuumiza?"

"Hapana. Ukinizungusha, kioo kinapotelea huko kwingine. Sijioni."

"Nivumilie kidogo, niufikie upande huu."

"Nirudishe. Nataka kujiona. Niambie tu nigeukie wapi, nitageuka mwenyewe."

Shemeji akarudisha kiti, Babu akatazamana na kioo tena. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu kichaka. Kinyozi kila siku anasema lile neno, analisema bila kufikiri, mara ngapi kwa siku, na sasa lilimkwama. Dada alikuwa ameshateremsha mikono. Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi, hewani.

"Geuka..." akasema. Halafu, "Geuka kushoto, mwanangu. Taratibu."

Babu alisogeza macho kwanza. Nilimwona kwenye kioo, macho yanakwenda mpaka ukingoni. Halafu kichwa kikafuata, polepole, hakuna mkono uliokishika, mpaka mshipa wa shingo ukajichora. Akabaki hivyo.

Kisha akapiga kelele.

"Eh! Kumbe hujaondoka!"

"Mimi?" dereva akasema.

"Wewe! Umekaa hapo muda wote?"

"Muda wote, Babu."

"Mkubwa hivyo, na mimi sikuoni!"

Dereva akacheka, kigoda kikacheka naye, Dada akacheka huku anajifuta macho kwa kanga. Shemeji hakucheka. Alikuwa amezima mashine. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto, chote, kama anavyompima mtu homa, akakiacha pale. Babu akavumilia kidogo, halafu akasema:

"Baba, nanyolewa au nabarikiwa?"

"Unanyolewa." Akawasha mashine.

Alipomaliza alimpangusa kwa brashi, akampiga poda, akamfungua kitambaa. Nikajua kinachokuja. Sote tulijua, ila hakuna aliyeweza kukizuia. Babu alibaki juu ya ubao, akajitazama kulia, akajitazama kushoto, akasema:

"Na shingo?"

Dada akapiga hatua. Shemeji akamwashiria asubiri. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaweka mikono yake yote miwili nyuma, akaifungia huko. Halafu akafanya kwa mdomo:

"Ka!"

Sauti ilitoka mbovu, imepasuka katikati.

Babu akamwangalia kupitia kioo. "Hiyo ni ya mdomo."

"Ndiyo. Ya mdomo." Akavuta pumzi. "Sasa hivi zote ni za mdomo."

Babu akafikiri, kama mzee anayeletewa shauri. "Sawa. Na upande wa pili."

"Ka!" Hiyo ilitoka nzuri.

Akashuka ameridhika.

Dereva alikuwa anasimama, anatafuta funguo zake. Akafika mbele ya Shemeji, akasimama wima, akafumba macho.

"Na mimi nipe ya mdomo, Dokta. Sikutoka kote huko bure."

"Acha utani, kaka."

"Nani anatania? Nipe."

Shemeji akamtazama yule mtu mkubwa aliyefumba macho, mabega yameshalegea anasubiri. Akamfanyia, "Ka! Ka!" Dereva akafumbua macho, akajinyoosha.

"Aisee. Nimepungua uzito kabisa." Akamwangalia Dada. "Shemeji, nipishe mlangoni. Nimebeba vitunguu, vimeshaanza kuota huko nje, nikifika vitakuwa bustani."

Dada akampisha. Dereva akapita kushoto kwa Babu. "Babu, kwaheri."

Babu hakuwa amemwona anapita. Aliisikia sauti, akasimama, akaanza: macho, halafu kichwa, kushoto, kushoto zaidi, anamtafuta. Nilimwona Shemeji mdomo unafunguka, mkono unanyanyuka. Ukafika usawa wa kiuno, ukashuka, ukachukua ufagio.

"Kwaheri mwanangu," Babu akamwambia dereva, akiwa amempata. "Endesha taratibu."

"Nitaendesha taratibu," dereva akasema, na akaenda zake. Tulimsikia analigombeza lori mpaka likawaka.